Somo la Wote: Jaribio la Mlimani la Kufundisha Uchambuzi

Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua milango yake Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiotimia 20, waliosomea katika jengo la TANU katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Suala la nini wasome kwa pamoja wanafunzi wa shahada mbalimbali halikuwapo, kwani shahada yenyewe ilikuwa moja. Lilizuka baadaye, chuo kilipokwisha kuhamia mlimani na fani kuongezeka, nalo lilizuka kwa kishindo.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mengine yaliwataka wahitimu wakatwe sehemu kubwa ya mishahara yao kwa muda wa utumishi. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, wa chuo hicho na wa vyuo vingine, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mengi yameandikwa juu ya hasira ya siku ile. Lililo zito zaidi ni swali iliyoliacha: yawezekanaje kijana afundishwe kupima hoja za mahakama za Uingereza neno kwa neno, kisha ashindwe kupima nafasi yake mwenyewe katika nchi ya wakulima wanaomlipia karo?

Azimio la Arusha likaja Februari 1967, na mwezi uliofuata ikatoka Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotaka elimu imjengee kila raia akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wenzake bila ya kuwaiga kwa upofu. Mwezi huohuo wa Machi, tarehe 11 hadi 13, wahadhiri, wanasiasa na watumishi wa serikali walikutana kuzungumzia nafasi ya Chuo Kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Huko hoja mbili zilisimama uso kwa uso. Wengine walisema kwamba shahada ni shahada, na mwanasheria atajipatia uchambuzi ndani ya sheria kama mwanasayansi anavyojipatia wake ndani ya maabara. Wengine wakajibu kwamba mtu anaweza kuijua fani yake hadi kiini na asijiulize hata siku moja imewekwa na nani, kwa faida ya nani. Hoja ya pili ndiyo iliyoshinda. Likaanzishwa somo la pamoja kwa wanafunzi wa vitivo mbalimbali, likakua likawa Taaluma za Maendeleo, na mwaka 1973 likapewa taasisi yake.

Ili kuona thamani ya fikra hiyo, tuchukue mfano wa reli. Mhandisi hufundishwa mteremko, uzito na uimara wa daraja. Mwanahistoria hufundishwa mwaka reli ilipojengwa, na mchumi gharama ya kusafirisha gunia la katani. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye fani yake inamlazimisha kuitazama ramani nzima na kushangaa kwa nini reli zote zinakimbilia baharini, ilhali majirani wawili wa bara hawana njia ya kufikiana. Hilo ndilo swali aliloliuliza Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha historia pale mlimani mwaka 1966 na 1967, kisha tena kuanzia 1969 hadi 1974, katika kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa Dar es Salaam na London mwaka 1972. Swali la namna hiyo halina kitivo. Likifundishwa katika historia peke yake, mhandisi atajenga reli nyingine ya kuelekea baharini.

Hata hivyo matunda bora hayakuvunwa darasani. Yalivunwa katika madarasa ya hiari ya siku za Jumapili, yaliyoendeshwa na umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi ambao mwenyekiti wake mmojawapo alikuwa Yoweri Museveni. Humo lilizaliwa jarida la Cheche, Novemba 1969. Miongoni mwa wahariri wake alikuwamo Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, na makala yake iliyovuma kuliko zote, juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, iliandikwa na Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria. Mwana hisabati na mwana sheria wakichambua uchumi wa nchi yao kwa ushahidi: waliouota mtaala wa pamoja wangetaka nini zaidi? Novemba 1970 serikali ililipiga marufuku jarida, na umoja ukafutwa. Sababu iliyotolewa ilihusu jina, kwamba neno cheche linanukia itikadi ya kigeni, kwa kuwa ni tafsiri ya jina la gazeti la Lenin. Wapenzi wa lugha wana haki ya kutabasamu hapa. Nchi iliyotaka vijana wadadisi iliwapata, na ilipowapata ikaanza kudadisi tafsiri.

Baada ya hapo somo lilibaki, ila likapungua makali. Lilipofanywa la lazima kwa maelfu, na mtihani ukaulizwa kwa namna ileile mwaka hadi mwaka, wanafunzi wengi walilikariri kama wanavyokariri orodha ya mifupa. Tabaka, mfumo, utegemezi, majibu yakajulikana kabla ya maswali.

Kulikuwa na kasoro nyingine isiyotajwa sana, nayo ni lugha. Mihadhara ilitolewa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili cha miaka ileile kilikuwa kinafua zana zake nje ya darasa. Bepari, ambaye kwa wazee wa pwani alikuwa mfanyabiashara tu, jina lililokuja na majahazi ya Bara Hindi, akawa mwenye mtaji. Kabaila, mtu wa ukoo bora, akawa mwenye ardhi anayewanyonya wengine, na beberu akatoka zizini akawa mtawala wa dunia. Nyerere alipoitoa tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, neno moja lilibeba maana ya kale na ya mpya kwa pamoja. Uchambuzi wenyewe ni neno la mashamba: Unguja na Pemba karafuu huchambuliwa kwa kutengwa na makonyo, punje kwa punje, na makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Mwanafunzi aliyelelewa jamvini penye kazi hiyo aliingia ukumbini akafundishwa kitendo hichohicho kwa lugha aliyoiogopa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilipokuja somo jingine la wote, lilikuwa la stadi za mawasiliano: kusikiliza mhadhara, kuandika muhtasari, kupanga aya kwa Kiingereza. Lilihitajika, hapana ubishi. Ila tangu hapo uchambuzi uligawanywa vipande viwili, hoja zikabaki upande mmoja na lugha ya kuzisemea upande mwingine, na kila kipande kikawa na mtihani wake.