Mto Mmoja, Mikono Mingi

Msomaji, ukisimama Chepseon asubuhi baada ya mvua, kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Kericho, utaona maji yakiteremka mabondeni. Maji hayo yana safari ndefu. Hujaza vijito, vijito hujaza mito, na mito ya upande huu wa Mau humiminika katika Ziwa Victoria. Kutoka ziwani hupitia Jinja, hupata jina la Naili, kisha huvuka Sudan na Nubia mpaka Misri na bahari. Twende nayo leo, kwa maana kando ya mto huo zilichorwa picha ambazo nakala zake hutundikwa ukutani mpaka sasa katika nyumba na hoteli nyingi duniani. Nazo zina funzo kwa kila atakaye kujua historia.

Katika karne ya 19 wachoraji wengi wa Ulaya walisafiri katika nchi walizoziita Mashariki: Misri, Shamu, Uarabuni na Moroko. Mmoja wa mashuhuri wao alikuwa David Roberts, mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1796. Alianza kazi kwa kupaka rangi nyumba za watu, kisha akachora mandhari za majukwaa ya michezo ya kuigiza. Katika mwaka 1838 alifika Misri, akakodi mashua, akapanda Naili mpaka Abu Simbel katika nchi ya Nubia. Huko alichora hekalu la Ramses wa Pili na sanamu zake nne zilizoketi, kila moja yapata mita 20 kwa urefu, mchanga ukiwa umefunika sehemu ya hekalu. Mwaka uliofuata alirudi London na mizigo ya michoro.

Sasa tazama jinsi picha ilivyomfikia mnunuzi. Roberts alichora kwa kalamu ya risasi na rangi ya maji. Louis Haghe, Mbelgiji ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na ulemavu tangu kuzaliwa, akainakili michoro hiyo juu ya mawe ya kuchapia kwa mkono wa kushoto. Mashine ikapiga chapa. Nakala za bei kubwa zikapelekwa kwa wapaka rangi, ambao kwa brashi walitia rangi karatasi moja baada ya nyingine, wakifuata kielelezo kilichowekwa mbele yao. Kati ya mwaka 1842 na 1849 zilitolewa picha karibu 250 kwa njia hiyo. Na kazi ya kunakili haijakoma. Katika kijiji cha Dafen, mjini Shenzhen, China, mafundi wa siku zetu hunakili picha maarufu za Ulaya kwa rangi ya mafuta.

Wahenga husema, penye wengi hapaharibiki neno. Walakini katika picha mambo huweza kuwa kinyume. Mbingu ya Nubia ilitiwa rangi ya waridi chumbani mwa London, na mtu aliyekuwa na kielelezo mbele yake wala si Naili. Roberts mwenyewe naye hakuwa mtumwa wa macho yake. Katika picha yake ya Sphinx wakati wa dhoruba ya mchanga, jua linatua mahali ambapo haliwezi kutua. Kwa maana sanamu ile huelekea mashariki, naye aliliweka jua pale palipompendeza. Kila nakala iliyofuata ililitua jua pale pale.

Je, tuzitupe picha hizo? Hasha! Hekalu la Abu Simbel halipo tena pale alipolichora Roberts. Bwawa kubwa la Aswan lilipojengwa, maji yalikuwa yalimeze; likakatwa vipande, likapandishwa mahali pa juu zaidi kati ya mwaka 1964 na 1968. Mahali pa kale pamebaki chini ya maji na katika picha. Huku kwetu kadhalika: tarehe 28 Julai 1862 John Speke aliyaona maporomoko ya Jinja, na mwaka 1863 kitabu chake kikaonyesha picha yake. Wenyeji waliyaita mawe, na jina la Jinja latokana na neno hilo. Speke akaandika jina la bwana mmoja wa Uingereza, Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maporomoko yakazama. Basi shahidi asiye mkamilifu ndiye shahidi tuliyebaki naye.

Turudi Chepseon, tulipoanzia. Nchi hii nayo ina picha zake: vilima vya chai, kijani kibichi mpaka upeo wa macho, mara nyingi bila nyumba wala mtu. Mtazamaji wa mbali hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Lakini mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920. Kabla yake, baada ya vita ya 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni ilitoa yapata ekari 25,000 za ardhi kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Mradi huo ukaanguka, na makampuni ya chai yakafuata. Na ardhi hiyo haikuwa tupu: Wakipsigis walikuwa wakiilima na kuichungia. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai waliondolewa kwa nguvu wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Sisemi kwamba picha iliwanyang'anya watu ardhi. Kazi hiyo ilifanywa kwa sheria na bunduki. Nasema kwamba picha isiyo na watu humrahisishia mtazamaji kusahau.

Kwa hiyo, msomaji, uionapo picha ya nchi yoyote, ihoji kama wazee wamhojivyo shahidi barazani. Mchoraji alisimama wapi? Picha imepita mikononi mwa nani tangu hapo? Ni nani aliyekuwapo naye haonekani? Wasema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema huambiwa, tena mara nyingi. Kisha chukua kalamu yako, uende kwa mzee wa kwenu, umwombe akuonyeshe mahali boma la babu yake liliposimama, nawe upachore. Usisahau kuandika chini ya mchoro jina la mahali kama wenyeji walivyopaita.