Tabora, Mji wa Njia na Soko

Wajumbe wengi watakaokuja kusherehekea miaka kumi ya Chama chetu Kikuu ni wageni wa Tabora, na desturi ni kuwauliza kama wamekwisha kuliona tembe la Livingstone. Tembe hilo tutalifikia. Lakini sisi wenyeji wa Mtendeni, ambao kazi yetu ni kupima mazao na kuandika malipo, twapenda mgeni aujue mji huu kwanza kama soko, maana soko ndilo lililouzaa.

Watu wengi hudhani kwamba njia ya Bagamoyo ilifunguliwa na Waarabu. Sivyo. Tangu mwanzo wa karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu zao wenyewe, na kabla ya hapo wazee walikuwa wakifanya biashara ya majembe ya chuma na chumvi ya Uvinza. Wafanya biashara wa Oman na wa pwani walikuja nyuma yao, wakiifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Kufikia miaka ya 1850 walikuwa wamejenga hapa, mahali palipoitwa Kazeh. Waingereza Burton na Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kuondoka pwani mwezi wa Juni, walipokewa na tajiri mmoja, Snay bin Amir, wakaona nyumba kubwa za udongo, bustani, na maghala yenye shehena.

Katika maghala hayo mlikuwa na nguo za merikani, zilizopewa jina hilo kwa sababu zilitoka Marekani, na kaniki, ushanga na waya wa shaba. Bidhaa hizo zilibadilishwa kwa pembe. Zilibadilishwa pia kwa watu, na hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo katika kijitabu cha sherehe: waliotembea kuelekea mashariki hawakuwa wapagazi wa ujira tu, walikuwamo na watumwa.

Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kama ratili 70, siku baada ya siku, nyuma ya kirangozi. Hakuwa mtu wa kuonewa kirahisi. Alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo, na posho ilipopungua aliutua chini. Njiani wapagazi walijigawa makambi, kila kambi na chungu chake na zamu zake za kuchota maji na kutafuta kuni. Sisi tunaoshughulika na ushirika hatuwezi kusoma habari hizo bila kutabasamu kidogo. Na huko Ugogo msafara ulilipa hongo ili upite. Wakati ule neno hilo lilikuwa na maana ya ada ya njia, iliyodaiwa waziwazi mchana, tofauti na maana yake ya leo!

Jambo ambalo twawaomba wajumbe walifikiri sana ni lile la Manwa Sele. Huyu alirithi utemi wa Unyanyembe baada ya Fundikira, akataka bidhaa zinazopita katika nchi yake zilipe ushuru. Wafanya biashara walikataa. Wakamwondoa kwa bunduki, na mwaka 1860 wakamweka Mkasiwa mahali pake. Manwa Sele akaingia porini, akapigana, akaziba njia. Speke, aliporudi mwaka 1861, alijaribu kuwapatanisha asifaulu, na vita havikuisha mpaka mtemi huyo alipouawa mwaka 1865. Wapo wanaosema kwamba alikuwa mkorofi, na huenda alikuwa hivyo. Lakini twauliza: ikiwa mnunuzi ndiye anayemchagua mtemi, ni nani atakayebaki kumsemea mwenye mali wakati wa kutaja bei?

Jibu moja lilitoka Urambo. Mirambo alijenga utawala wake upande wa magharibi, na mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walitoka kumpiga, na Stanley akiwa pamoja nao. Aliwatega, akawashinda, kisha mwezi wa Agosti akaja kuchoma sehemu ya mji. Ndiyo sababu Stanley alizunguka kusini kumtafuta Livingstone. Walirudi pamoja Februari 1872, wakakaa Kwihara, mwendo mfupi kusini-magharibi ya mji. Stanley aliondoka mwezi wa Machi, naye mzee alingoja wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata maiti yake ilipitishwa Unyanyembe ikichukuliwa na watumishi wake, akina Susi na Chuma. Mgeni atakayefika Kwihara aitazame vizuri milango ya kuchongwa.

Asikose pia kuuliza habari za Isike, aliyetawala baada ya Mkasiwa. Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, naye hakuwakubali. Januari 1893 askari wa von Prince walipoivunja boma yake, mtemi alijilipua kwa baruti akiwa ndani. Makao yake yaliitwa Kwikuru, na kutokana na lugha hiyo ya watemi Taifa zima limepata neno Ikulu.

Reli ilifika mwaka 1912, na kazi ya mpagazi ikaisha. Mwezi wa Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu, ikakata shauri kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, shauri ambalo Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humu, alilitetea kwa bidii. Mambo hayo yameandikwa mahali pengi, nasi twayapita.

Nje ya mji ni miombo pande zote. Humo mizinga hutundikwa mitini, na asali na nta ya Unyamwezi hutoka humo. Kuelekea Urambo na Sikonge ni mashamba ya tumbaku na mabani yake. Katika mitaa ya zamani na kandokando ya njia za kale mgeni ataona miembe mikubwa, ambayo wenyeji husema ilipandwa zamani za misafara. Chini ya kivuli chake wanawake huuza karanga, asali katika chupa, na uyoga wakati wa mvua. Mjumbe akitaka kununua asali, apatane bei na mama mwenyewe, naye asishangae akiambiwa kwamba bei haishuki.