Mbegu koo, si mbegu za urithi

Karatasi za kuwafundisha wanaoanza kilimo cha nyumbani zimenifikia hapa Kolwezi, na ndani yake nimekuta tafsiri mbili. Ya kwanza ni "bustani ya kontena". Kontena tunalijua: hupita juu ya lori kila siku likielekea mpakani Kasumbalesa, na anayeambiwa apande lengalenga, yaani mchicha, ndani yake atauliza kwanza mwenye mali ni nani. Neno chombo lipo, tena ni pana: bidoni lililokatwa shingo, beseni lililotoboka, gunia lililobeba makala. (Msomaji wa Dar es Salaam asishtuke. Makala kwetu ni makaa ya kupikia, na mengine yanayoandikwa kwa jina hilo yangefaa kazi hiyohiyo.) Kontena ninalisamehe. Tafsiri ya pili, "mbegu za urithi", siwezi kuisamehe.

Kitu chenyewe hakina utata. Ni mbegu ambayo ukiipanda, ukaivuna na kuipanda tena, mtoto humfuata mzazi, na watu wameipokezana mkono kwa mkono kwa vizazi. Kinyume chake ni chotara, ambayo ukijitunzia mbegu zake, msimu wa pili shamba linakuonyesha sura za mababu usiowajua.

Sasa tulitazame hilo neno urithi. Limetoka Kiarabu na halikuja peke yake: limekuja na mrithi, warithi na mirathi, ukoo mzima wa maneno unaoanza kusema pale mwenye mali anapokwisha kufa. Nkambo, yaani bibi, anayemfungia mjukuu mbegu za lengalenga katika pindo la kitenge hajafa. Yu hai, na mwaka ujao, zake zikiharibika, atakwenda kwa mjukuu kuziomba. Mirathi gani hiyo ambayo marehemu hurudi kuchukua fungu lake? Kuna kubwa zaidi. Vitabu vya biolojia vimekwisha kulitumia neno urithi kwa jambo jingine, yaani sifa za mzazi kupita kwa mtoto, jambo ambalo Mendel alilieleza kwa njegere zake katika andiko la mwaka 1866. Kwa maana hiyo hata chotara ina urithi, tena kutoka pande mbili. Istilahi isiyotenga kitu na kinyume chake inafanya kazi gani?

Waliolitunga walikuwa wakilitazama neno la Kiingereza, heirloom, na sidhani kama walilifungua. Lingefunguliwa wangekuta vipande viwili: mrithi, na neno la zamani lililokuwa na maana ya chombo au kifaa chochote cha nyumbani, kabla ya kubanwa likawa kitanda cha mfumi peke yake. Kwa Mwingereza wa kale, basi, hiki kilikuwa chombo cha nyumba kinachomfuata mrithi, kitu cha kuhesabiwa pamoja na masufuria na viti. Mbegu iliingizwa humo baadaye kwa mfano. Sisi tumechukua mfano wa wenzetu tukauita maana.

Wengine wamekwenda kwa Wafaransa wakarudi na "mbegu za kale". Kale ni umri, na mbegu yenye umri mkubwa haioti. Wapo wa "mbegu za asili", kana kwamba chotara imeshuka kutoka hewani. Wapo pia wa "mbegu za kienyeji". Hao ningependa wanieleze mahindi, nyanya na muhogo, vyote wageni kutoka Amerika. Muhogo ulilisha himaya ya Walunda, ambao makao ya mfalme wao, Musumba, yamo katika mkoa wetu huuhuu wa Lualaba. Tena muhogo twaupanda kwa vipande vya mti na bado twaviita mbegu, jambo linaloonyesha kwamba neno letu ni pana kuliko la hao tunaowaiga.

Mimi nasema mbegu koo. Koo, wingi makoo, ni mnyama wa kike aliyekwisha kuzaa, wa kuendeleza kundi. Kuku koo hachinjwi ovyo, huachwa alalie. Mbegu koo nayo hailiwi yote, huachwa izae. Na koo pia ni wingi wa ukoo, kwa hiyo neno hilo moja limebeba uzazi na nasaba bila kumwua mtu yeyote. Muundo wake umekwisha kuzoeleka: tunasema mbegu chotara, jina juu ya jina, bila "za" katikati. Ziweke pamoja, chotara na koo, kila moja inamfafanua mwenzake.

Pendekezo hili nililipeleka kwa waheshimiwa fulani wa istilahi. Jibu lilikuwa kwamba watu watadhani ni mbegu iliyokwama kooni. Msemaji wa Kiswahili anayesikia "kuku koo" hafikirii shingo ya kuku, na siamini kwamba kikao kizima kilikosa mtu mmoja aliyefuga. Niliambiwa pia, kwa adabu, kwamba Kiswahili chetu cha Katanga si cha kutolea istilahi. Kiswahili hiki kilifika Bunkeya kwa mfalme Msiri na wafanyabiashara wa karne ya 19 na kikapita katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Kimefanya kazi nzito kuliko vikao.

Kuhusu upandaji wenyewe, kwa kifupi: Kingamyambo na bonde la Musonoi, hapa Kolwezi, yamepokea mabaki ya viwanda vya shaba na kobalti, na katika mtaa wa Kasulo watu walichimba hadi chini ya nyumba zao baada ya kobalti kuonekana mwaka 2014, hivyo chombo ni salama kuliko ua. Toboa bidoni chini, jaza udongo wa kichuguu cha mbali na migodi ukichanganya na samadi iliyooza, mwaga lengalenga, acha miche michache mizuri itoe mashuke, yakikauka pukutisha.

Wingi wa mbegu koo ni mbegu koo. Anayetaka kuandika "mbegu makoo" aandike, sarufi haimzuii, ila asiongeze "za".