Jina Moja, Rafu Nyingi: Nata katika Orodha za Maktaba

Jina Nata, ambalo pia huandikwa Natta, huunganisha vitabu visivyohusiana na kutenganisha vilivyo ndugu. Ipo Nata ya Mara, ipo ya Nzega mkoani Tabora, na upo mji wa Nata nchini Botswana. Atafutaye kwa jina pekee huvikuta vimechanganyika. Kwa upande mwingine, Malcolm Guthrie alikipa Kinata alama E45, ilhali orodha za baadaye hukijumuisha na Kiikoma na Kiisenye. Masimulizi ya Wanata nayo yamo katika *Imagining Serengeti* (2007) cha Jan Bender Shetler, ambacho anwani yake haiwataji. Kwa lugha yenye maandishi machache, matokeo ni mazito: mtafiti hudhani hakuna kilichoandikwa. Uorodheshaji hauna budi kufuata mahali na lugha, si tahajia ya jina.