Muindi Mbingu na Ardhi ya Machakos

Ndugu msomaji, ukitoka msikiti wa Jamia pale Nairobi, hatua chache tu uko Muindi Mbingu Street. Wengi tunaipita tukikimbilia matatu. Hebu nikuulize, huyo Muindi Mbingu alikuwa nani?

Miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa inakwisha. Mvua ikinyesha inabeba udongo, makorongo kila mahali. Dawa ya mkoloni ikawa ni kuwachukulia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini, ati mifugo imezidi. Kwamba masetla walishachukua malisho mazuri, hilo hawakulitaja! Julai 1938 Mbingu akawaongoza watu, wake kwa waume, hadi Nairobi kumtaka gavana. Serikali ilirudi nyuma, lakini Mbingu akakamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu. Naam, Lamu hii hii ya kwetu pwani.

Sasa sikiliza. Watu hao hao walioonekana wakaidi ndio walioiponya ardhi ile. Walipolazimishwa kuchimba mitaro ya serikali, wengi walichimba shingo upande. Walipopata nafasi ya kuchagua, wakashika "fanya juu": unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, maji ya mvua yanabaki shambani. Kazi ilifanywa kwa mwethya, yaani ujima, na kina mama ndio waliokuwa wengi. Kati ya 1932 na 1989 watu wa Machakos waliongezeka kutoka 240,000 hivi hadi karibu 1,400,000, na bado mavuno kwa kila mtu yakapanda.

Nayasema haya manake kila Ramadhani tunachangisha pesa za kisima cha kijiji fulani. Je, wenyewe tumewauliza wanakitaka wapi, na pampu ikiharibika nani ataitengeneza?

Vikundi vya Ukambani vimejenga pia mabwawa ya mchanga. Ukuta unakata mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, na maji yanajificha ndani yake. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hapati pa kutaga, na mchanga unayachuja. Ila ukifukua shimo wazi na punda naye akanywa hapo hapo, uchafu unarudi. Ndiyo sababu wengine huchimba kisima cha kufunikwa kando ya ukuta, na kiangazi kikifika mboga zinamwagiliwa hapo hapo ukingoni.