Jiwe la Sinya na Jina la Kiko: Asili na Sifa za Viko vya Mirishaumu Tanganyika

Insha hii inachunguza viko vya mirishaumu vilivyotengenezwa Tanganyika katikati ya karne ya 20. Hoja yake ni kwamba jina la bidhaa pekee halithibitishi mwendelezo wa kihistoria; sharti malighafi na ufundi navyo vichunguzwe.

Mirishaumu, jina la Kijerumani lenye maana ya povu la bahari, ni jiwe la sepiolaiti, yaani silikati ya magnesi yenye maji. Jiwe hili ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na lina vinyweleo vingi hata kipande kikavu huweza kuelea. Vinyweleo hivyo hufyonza unyevu na lami ya tumbaku, nalo bakuli hustahimili moto bila kuungua. Kadiri kiko kinavyotumika, weupe wake hugeuka rangi ya asali, kisha hudhurungi. Jiwe lililosifiwa zaidi lilitoka Eskişehir, Uturuki, na Vienna ikawa kitovu mashuhuri cha uchongaji wake.

Katika Tanganyika, sepiolaiti ilichimbwa Sinya, katika bonde la Amboseli karibu na mpaka wa Kenya, ndani ya mashapo ya ziwa la kale. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ililigeuza jiwe hilo kuwa viko, vikiwemo vilivyouzwa kwa chapa ya Kiko. Kwa kawaida jiwe la Amboseli ni zito zaidi na weupe wake ni hafifu kuliko la Uturuki. Lilitumika pia kama bitana ndani ya bakuli za mti.

Chapa hiyo iliazima neno lenye historia nyingine. Katika Kiswahili cha zamani, kiko ni buyu au kifuu chenye maji: bori hushika tumbaku, digali hupeleka moshi majini, shilamu huufikisha mdomoni, na mvumo wa maji huitwa malio. Chombo hicho hupoza moshi kwa maji. Mirishaumu hutegemea vinyweleo vya jiwe.

Kwa hiyo, mtafiti wa uvutaji tumbaku Dodoma na nyanda za kati akikuta neno kiko katika kumbukumbu, hana budi kuuliza ni kiko kipi. Akivichanganya viwili hivi, bidhaa ya kiwanda itavikwa ukale usio wake, na ufundi wa buyu na bori utafutika katika historia.