Jinsi Maandishi Yalivyofika Ekerenyo

Msomaji wa Ekerenyo, katika vilima vya chai na migomba vya Nyamira, hakutengwa na maandishi kwa uvivu wa kusoma. Lililomtenga nayo, tangu zama za misheni hadi zama hizi za simu, ni njia ya kuyaleta na masharti ya mwenye njia.

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, raia wa Kanada, na Peter Nyambo wa Nyasaland waliweka makao ya Waadventista Gendia, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1912 wenzao wakafika Nyanchwa, mjini Kisii, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Gendia ilikwisha kuwa na mtambo wa kupiga chapa. Vitabu vikapanda milimani, lakini mwenye kuvitoa ndiye aliyechagua, na akachagua vya dini na vya shule.

Habari za dunia zilikuja na magazeti: Baraza mwaka 1939, kisha Taifa Leo mwaka 1960. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1948, ilizaliwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, ambayo haikutosheka na kuchapisha, bali ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuwaazima wasomaji kwa posta. Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, iliendeleza kazi hiyo, ikafungua tawi hata Kisii.

Gazeti la karatasi lina fadhila ambayo mchapishaji hakuikusudia: likishalipiwa, ni mali ya mnunuzi. Kwa kinyozi hugawanywa kurasa, huyu akishika za michezo na yule za matangazo ya vifo. Jioni huwa la mwanafunzi, na kesho yake hufungia nyama. Lakini tangu mwaka 2021, kampuni ya magazeti ya Nation ilipoanza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni, toleo halingoji tena gari la magazeti la alfajiri, ila anachonunua msomaji ni idhini ya muda tu, na muda ukikatika mlango hufungwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti maktaba za wananchi. Kaunti ikilipa ada moja ya kusoma mtandaoni kwa niaba ya wengi, kama sanduku moja lilivyotosha kituo kizima, mwanafunzi asiye na salio atasoma sawa na mwenzake wa Nairobi; isipolipa, maandishi yatazidi kuwa mengi, na wenye ruhusa ya kuyasoma wachache.